Kidau cha Wino na Guni: Hisabati Mikononi mwa Seremala wa Japani

Mwaka 1879 mafundi waliokuwa wakitengeneza lango kuu la kusini la hekalu la Todai-ji, katika mji wa Nara nchini Japani, walikuta juu ya boriti kifaa kidogo cha mbao. Lango hilo lilijengwa upya mwaka 1199. Seremala mmoja wa zamani alipanda huko na vifaa vyake, akafanya kazi yake, akashuka, na kifaa kimoja akakisahau. Hakuacha jina wala maandishi. Aliacha kidau chake cha wino. Kidau hicho, ambacho kwa Kijapani huitwa sumitsubo, sasa kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo.

Umbo la kidau limebadilika kwa karne nyingi, lakini sehemu zake ni zile zile, na seremala wa Japani wa leo akikabidhiwa kidau hicho hatahitaji kuelezwa kinavyotumika. Hata hivyo wako wasomi wengi ambao wakiona kifaa cha namna hii katika jumba la makumbusho hukipita haraka, wakikihesabu kuwa kitu cha kale kisichohusiana na sayansi. Kwao sayansi huanzia penye maabara, vitabu na fomula. Kazi ya mikono ni mazoea tu. Fikra hiyo ni potofu, na madhara yake si madogo. Taifa linaloiamini laweza kuitupa elimu yake lenyewe likidhani linafagia takataka. Japani, nchi inayosifiwa duniani kwa viwanda vyake, ilikaribia kufanya kosa hilo katika karne ya 20. Kabla ya kulieleza kosa lenyewe, yafaa kwanza vifaa hivyo vitazamwe kwa makini.

Uzi na gogo lililopinda

Sumitsubo ni kipande cha mti mgumu, aghalabu mti uitwao keyaki, kilichochongwa kiweze kushikwa kwa mkono mmoja. Upande mmoja kina shimo linalotiwa hariri au pamba iliyoloweshwa wino mweusi. Upande wa pili kina kigurudumu kilichozungushiwa uzi mwembamba. Uzi hupita ndani ya pamba, hutokea katika tundu dogo, na mwisho wake hufungwa kijiti chenye sindano kali. Fundi huchoma sindano kwenye ncha moja ya mbao, hurudi nyuma akiufungua uzi uliokwisha kulowa wino, huukaza, huuinua kwa vidole viwili, kisha huuachia. Uzi hurudi kwa nguvu na kuacha mstari mwembamba ulionyooka, wenye urefu wa mita kadhaa, kwa muda wa kupepesa jicho.

Mwanafunzi aweza kuuliza kwa nini rula ndefu isitumike badala yake. Jibu limo katika jiometri. Rula huhitaji uso uliosawazishwa, na gogo lililotoka msituni halina uso wa namna hiyo. Zaidi ya hayo, maseremala wa Japani wamezoea kutumia boriti za msonobari zilizopinda kama zilivyoota, wakizilaza mgongo juu ili zistahimili uzito wa paa. Uzi ukiinuliwa wima kabisa na kuachiwa, husafiri ndani ya bapa moja lililosimama wima. Popote bapa hilo linapokutana na gogo, penye nundu au penye kibonde, wino huandika. Mstari huo ukitazamwa kutoka ubavuni hupanda na kushuka. Ukitazamwa kutoka juu umenyooka kabisa. Kwa hiyo alichokichora fundi ni makutano ya bapa na uso uliopinda. Vidole vikielemea upande mmoja wakati wa kuinua, bapa nalo huinama na mstari huharibika. Ndiyo maana kuinua uzi, jambo linaloonekana dogo, ni somo kamili kwa mwanagenzi.

Mstari huo hupitishwa katikati ya boriti kutoka ncha hadi ncha, na vipimo vyote huanzia hapo. Havianzii ukingoni, kwa sababu ukingo wa gogo hautegemeki. Katika vurugu ya maumbile fundi ameweka mhimili mmoja wa kuaminika, na kutokana na huo jengo zima litapimwa.

Wino nao una kemia yake. Hutengenezwa kwa masizi ya msonobari au ya mafuta, yakachanganywa na gundi itokanayo na ngozi za wanyama. Masizi ni kaboni, na kaboni haififii kwa mwanga kama zifanyavyo rangi nyingi za mimea. Kwa sababu hiyo majengo ya kale yanapofunguliwa ili yatengenezwe, mistari ya mafundi waliokwisha kufa karne nyingi zilizopita hukutwa bado inasomeka ndani ya maungio, na mafundi wa leo huisoma kama barua waliyoandikiwa.

Guni yenye nyuso mbili

Kifaa cha pili ni sashigane, yaani guni ya seremala: utepe mwembamba wa chuma wenye mikono miwili inayokutana kwa pembe mraba. Mapokeo ya mafundi humtaja Mwanamfalme Shotoku, aliyeishi kati ya mwaka 574 na 622, kuwa ndiye mlezi wa useremala na mwanzilishi wa guni nchini mwao. Asili yake, kama ile ya kidau cha wino, ni China.

Kwa uso wa mbele guni hii haina ajabu. Ina alama za kipimo kiitwacho suni. Suni 10 hufanya shaku 1, na shaku 1, kwa sheria ya Japani ya mwaka 1891, ni sehemu 10 za 33 za mita, yaani karibu sentimita 30.3. Ajabu iko nyuma. Huko zimechorwa alama nyingine ambazo kila moja ni ndefu kuliko ya mbele kwa uwiano wa kipeuo cha pili cha 2, yaani mara 1.414.

Mfano utaonyesha faida yake. Seremala ana gogo la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 30, naye ataka kupata humo nguzo ya mraba iliyo kubwa iwezekanavyo. Pembe nne za mraba huo hazina budi kuligusa duara, kwa hiyo ulalo wake ni sawa na kipenyo cha gogo. Kwa kanuni ya Pythagoras, ubavu wa mraba ni ulalo uliogawanywa kwa kipeuo cha pili cha 2. Mwanafunzi wa kidato cha pili atachukua kalamu, atagawanya 30 kwa 1.414 na kupata 21.2. Seremala wa Japani hahitaji kalamu, huigeuza guni. Huulaza uso wa nyuma juu ya kipenyo cha gogo na kusoma: 7. Nguzo yake itakuwa na ubavu wa suni 7 za mbele, na suni 7 ni sentimita 21.2. Hesabu ya kugawanya ilikwisha kufanywa siku ile mtengenezaji wa guni alipozichora alama zake.

Baadhi ya guni zina kipimo cha tatu, ambacho alama zake ni fupi kuliko za mbele kwa uwiano wa pai. Fundi akipima kwa alama hizo kipenyo cha nguzo ya mviringo, husoma papo hapo urefu wa mzingo wake.

Mwinamo wa paa nao haupimwi kwa digrii. Fundi husema “mwinamo wa suni 4”, maana yake kwa kila suni 10 za kwenda mbele paa hupanda suni 4. Mwalimu wa hisabati atatambua mara moja kwamba hiyo ni tanjenti, 0.4, na kwamba pembe yenyewe ni karibu digrii 22. Seremala huilaza guni juu ya mbao, alama ya 10 ya mkono mmoja na alama ya 4 ya mkono wa pili zikigusa ukingo, kisha huchora. Pembe imepatikana bila kutajwa. Kutokana na pembetatu hiyo moja hupatikana pia mikato migumu ya pembeni mwa paa, ambako boriti huja kwa mshazari na kila uso wake hukatwa kwa pembe ya peke yake. Elimu hiyo huitwa kikujutsu, na katika karne ya 19 iliandikiwa vitabu kwa kutumia hisabati ya Kijapani ya wakati huo.

Mstari ni amri

Katika jengo la jadi fundi mkuu ndiye achoraye, wengine hukata. Kalamu yake ni sumisashi, kipande cha mwanzi ambacho mafundi huzoea kujichongea wenyewe. Ncha moja ni pana na bapa, nayo imepasuliwa mara nyingi ili ishike wino. Hiyo huchorea mistari pamoja na guni. Ncha ya pili hupondwa ikawa kama brashi, nayo huandikia herufi na tarakimu.

Maandishi hayo yana utaratibu wake. Kila nguzo ya jengo hupewa jina lenye herufi na nambari: herufi huhesabu safu za upande mmoja, nambari huhesabu safu za upande wa pili. Nguzo iliyoandikwa “ha 5” itasimama katika safu ya tatu ya upande huu na ya tano ya upande ule, kwa kuwa “ha” ni herufi ya tatu katika mpangilio wa zamani wa Kijapani. Huo ndio mtindo wa majira ya nukta ambao wanafunzi hufundishwa pamoja na jina la Descartes. Kwa njia hiyo mamia ya vipande vilivyokatwa chini, kila kimoja mahali pake, hupandishwa na kuungana pasipo kubahatisha.

Hata unene wa mstari ni suala la kisayansi. Msumeno ukipita ndani ya mstari, nje yake au katikati yake, vipimo hutofautiana. Ikiwa kila kiungo kitazidi kwa nusu milimita tu, viungo 20 vilivyofuatana vitazidi kwa sentimita 1, na jengo halitafunga. Basi fundi mkuu hana budi kusema mapema kama mstari utabakizwa, utaondolewa au utagawanywa. Wanafunzi wa fizikia hulijua jambo hilo kwa jina la makosa ya vipimo. Katika maabara kosa hilo hupunguza alama za mtihani. Katika hekalu linaweza kulipinda paa.

Pambo na sababu yake

Kupiga mstari kwa kamba hakukubuniwa Japani. Mafundi wa Misri ya kale walifanya hivyo kwa kamba iliyopakwa udongo mwekundu. Wachina nao husimulia habari za Lu Ban, mlezi wa maseremala wao, kwamba mama yake alikuwa akimshikia mwisho wa uzi, hata siku moja akabuni ndoana ya kuushikia. Ndoana hiyo hadi leo inaitwa “mama wa Ban”. Lakini ni Japani ambako kidau hiki kilipata heshima isiyo ya kawaida. Ghala ya hazina ya Shosoin, mjini Nara, imehifadhi tangu karne ya 8 sumitsubo iliyopambwa, na imekiweka kifaa hicho cha mfanyakazi pamoja na mali za watawala.

Vidau vya kale, kama kile cha Todai-ji, vilikuwa na mkia uliogawanyika pande mbili ili kukishika kigurudumu. Baadaye mwili ukawa mzima, na mapambo yakaongezeka. Katika enzi ya Edo, iliyoanza mwaka 1603 na kumalizika mwaka 1868, palichongwa juu yake korongo na kobe, ambao kwa Wajapani ni alama za maisha marefu, na majoka, na mawimbi. Desturi ilikuwa seremala ajichongee kidau chake mwenyewe. Baadaye wakatokea wachongaji maalumu, hasa katika mji wa Sanjo mkoani Niigata.

Mtu mwenye haraka atasema kwamba korongo hauongezi unyofu wa mstari. Ni kweli. Lakini kidau kilichochongwa na mwenyewe ni cheti ambacho hakiwezi kughushiwa: kinaonyesha kama mkono unaijua patasi na kama jicho linajua uwiano. Tena mtu hukitunza kile alichokihangaikia, na kifaa cha kupimia kisichotunzwa hakipimi. Haishangazi basi kwamba mwanzoni mwa mwaka, katika hekalu la Koryu-ji mjini Kyoto, maseremala hufanya ibada ya kufungua kazi, na vifaa vinavyoshikwa ni vya uzi, guni na tezo.

Sheria na guni

Mwaka 1951 Japani ilitunga sheria ya vipimo iliyoamuru nchi nzima itumie mita. Muda wa mpito kwa vipimo vya jadi ulikwisha mwishoni mwa mwaka 1958, na kwa ardhi na majengo mwaka 1966. Tangu hapo kutengeneza na kuuza guni za shaku na suni kwa ajili ya kazi kukawa kosa la jinai.

Haki itendeke kwa waliotunga sheria hiyo. Nchi yenye vipimo viwili hulipa gharama mara mbili. Huzua makosa viwandani na udanganyifu sokoni. Tena mtetezi wa mita angeweza kutoa hoja nzuri zaidi: kipeuo cha pili cha 2 si mali ya shaku. Ni uwiano, na uwiano haujali kipimo. Guni ya sentimita yaweza kuchorwa mgongoni alama za mara 1.414 na ikafanya kazi ile ile, na guni za namna hiyo kweli zipo. Hoja hiyo ni sahihi.

Walakini haitoshi. Nyumba za jadi za Japani, mikeka yake, milango yake na nafasi kati ya nguzo zake zimejengwa kwa uwiano uliopimwa kwa shaku. Kanuni hizo zilikwisha kuandikwa mwaka 1608 na ukoo wa maseremala wa Heinouchi katika kitabu kiitwacho Shomei. Fundi anayetengeneza hekalu la kale kwa mita hukutana kila mara na tarakimu zenye mikia ya desimali. Akishika guni ya suni, hukutana na namba nzima, na namba nzima humwambia alichokusudia mwenzake wa kale. Hapo kipimo kimekuwa lugha, naye aliyenyang'anywa amenyang'anywa ufunguo wa kusomea. Sheria ilihesabu gharama za vipimo viwili; haikuuliza guni ilikuwa imebeba nini.

Mwaka 1976 Ei Rokusuke, mtunzi wa nyimbo na mtangazaji wa redio aliyefahamika nchini kote, alianzisha kampeni ya hadhara ya kuwatetea mafundi. Mwaka 1977 serikali ililegeza kamba. Suluhisho lilikuwa la kihisabati: kwa kuwa suni 1 ni sehemu 1 ya 33 za mita, guni ziliruhusiwa kuuzwa zikiwa na alama za 1/33 ya mita. Sheria ikabaki ya mita, na fundi akabaki na suni yake. Ugomvi wa miaka karibu ishirini ulimalizwa na sehemu moja rahisi, ambayo ingeweza kuonekana tangu mwanzo kama wataalamu wa sheria wangekaa na maseremala.

Katika miaka hiyo hiyo thamani ya elimu hiyo ilidhihirika kwa vitendo. Seremala wa mahekalu Nishioka Tsunekazu, aliyeishi kati ya mwaka 1908 na 1995, aliyekuwa ameshiriki kulitengeneza hekalu la Horyu-ji, ambalo majengo yake ni miongoni mwa majengo ya mbao ya kale kuliko yote duniani, aliongoza kujengwa upya kwa ukumbi mkuu wa hekalu la Yakushi-ji, uliokamilika mwaka 1976, na mnara wake wa magharibi, uliokamilika mwaka 1981. Mwaka 1984 jumba la makumbusho la zana za useremala la Takenaka lilifunguliwa mjini Kobe, na mwaka 2020 UNESCO iliuingiza ufundi wa kuhifadhi majengo ya mbao ya Japani katika orodha ya urithi wa binadamu.

Leo adui wa kidau hayumo katika sheria. Miale ya leza huonyesha mstari ulionyooka bila uzi, na sehemu kubwa ya mbao za nyumba mpya nchini Japani hukatwa viwandani kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Hakuna sababu ya kuzilaani mashine hizo. Hisabati iliyo ndani yake ni ile ile ya guni. Lakini mashine hupenda mbao zilizonyooka na kufanana. Gogo lililopinda, lile ambalo uzi ulibuniwa kwa ajili yake, huachwa nje. Mtu wa kulisoma asipokuwapo, hata mti mzuri utaitwa kuni.

Funzo kwa darasa

Mwalimu wa hisabati hahitaji kuagiza guni kutoka Japani. Ukanda wa karatasi ngumu watosha. Wanafunzi wachore upande mmoja sentimita za kawaida. Upande wa pili wachore alama za sentimita 1.41 kila moja, yaani ulalo wa mraba wenye ubavu wa sentimita 1. Kisha watoke nje wapime kipenyo cha gogo au kisiki kwa upande wa pili, waseme ubavu wa nguzo itakayopatikana, na ndipo wathibitishe kwa kalamu. Kanuni ya Pythagoras itakuwa imeshikwa mkononi kabla ya kukaririwa.

Lililo kubwa zaidi ni kubadili mtazamo. Kabla kifaa chochote cha kale hakijatupwa, kupigwa marufuku au kufungiwa ndani ya kabati la kioo, yafaa mtu akae chini na fundi amuulize: hiki kinahesabu nini? Wasomaji wa Kiswahili wana sababu ya karibu ya kuuliza hivyo. Kamusi za lugha hii zina neno guni, na zina neno ngeu, yaani udongo mwekundu ambao seremala aliupaka kwenye uzi wake ili apige mstari. Neno haliwi katika lugha pasipo kazi. Mwanafunzi anayejua tanjenti lakini hajui ngeu, na fundi anayejua mbao za mbili kwa nne lakini hakuambiwa kwamba ulalo wake una kanuni, kila mmoja amepewa nusu ya elimu. Seremala wa Todai-ji alikisahau kidau chake juu ya boriti kwa bahati mbaya. Shule isisahau vya kwao kwa makusudi.